Kisa cha karanga za Uingereza: mzio wa mtoto unaanzia wapi?

Mwaka 1998 serikali ya Uingereza iliwapa wazazi ushauri ulioonekana hauna ubaya wowote. Familia yenye pumu, pumu ya ngozi, mafua ya mzio au mzio wa chakula iliambiwa kwamba mama mjamzito au anayenyonyesha ni vyema aepuke karanga, na mtoto asionjeshwe mpaka afikishe miaka 3. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wakatoa ushauri unaofanana na huo. Hoja yake ilieleweka na kila mtu: karanga ni miongoni mwa vyakula vinavyoleta mzio mkali kuliko vyote, basi mtoto aliye hatarini azikwepe hadi mwili ukomae.

Wazazi wengi walitii, na mzio wa karanga ukaendelea kupanda. Marekani, uchunguzi uliofanywa kwa kuwapigia watu simu majumbani ulikuta asilimia 0.4 ya watoto mwaka 1997, asilimia 0.8 mwaka 2002, na asilimia 1.4 mwaka 2008.

Hata hivyo ushauri huo usibebeshwe lawama yote. Ongezeko lilikuwa limeanza kabla yake. Kwenye Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, watafiti walilinganisha watoto waliozaliwa 1989 na waliozaliwa katikati ya miaka ya 1990. Kwa kipimo cha ngozi, waliokuwa na dalili za kuitambua karanga kama adui waliongezeka kutoka asilimia 1.1 hadi 3.3. Kwa hiyo ushauri wa 1998 ulikuwa jibu la tatizo lililokwisha kuonekana. Kinachofanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa ni kwamba jibu lenyewe, kwa ushahidi uliokuja baadaye, lilikuwa linasukuma mambo upande uleule wa tatizo.

Mara ya kwanza ambayo si ya kwanza

Mtoto hazaliwi na mzio wa karanga. Anaweza kurithi mwelekeo wa kupata mzio, lakini mzio wenyewe hujengeka baadaye, tena kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza haina dalili. Mfumo wa kinga unakutana na protini ya karanga, unaihesabu kuwa hatari, kisha unatengeneza kingamwili za aina ya IgE zinazoilenga protini hiyo. Kingamwili hizo hujishikiza kwenye seli zilizojaa histamini, ambazo zimetapakaa kwenye ngozi, njia ya hewa na utumbo. Hapo zinakaa. Mtoto ananyonya, ananenepa, anatambaa, na hakuna anayejua kitu.

Hatua ya pili ndiyo tunayoiona. Protini inarudi, inanasa kwenye zile kingamwili, na ndani ya dakika chache seli zinamwaga histamini na kemikali nyingine. Midomo inavimba, mwili unatoka vipele vya kuwasha, mtoto anatapika. Hali ikiwa mbaya zaidi koo linabana, kifua kinapiga filimbi, presha inashuka. Hiyo ndiyo anafilaksia, na tiba yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Piriton haitoshi, ingawa ndiyo iliyoko kwenye kabati la karibu kila nyumba.

Sasa tatizo la kisa chetu. Wengi wa watoto waliofikishwa hospitali wamevimba uso walikuwa, kwa maelezo ya wazazi wao, wanakula karanga kwa mara ya kwanza maishani. Ukifuata hatua mbili nilizozieleza, hilo haliwezekani: ili mwili ulipuke leo, lazima ulikuwa umekwisha kukutana na karanga huko nyuma. Ulikutana nazo wapi?

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mama. Watu walidhani protini inapita tumboni au kwenye maziwa, na ndiyo sababu ushauri wa 1998 uligusa hata mlo wa wajawazito. Mwaka 2003 Gideon Lack, daktari wa mzio wa watoto mjini London, alichapisha na wenzake uchunguzi uliotumia kumbukumbu za watoto 13,971 wa eneo la Avon, kandokando ya Bristol, ambao walikuwa wakifuatiliwa tangu kabla ya kuzaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Damu ya kitovu iliyohifadhiwa ilipimwa na haikukutwa IgE ya karanga. Mlo wa mama wakati wa ujauzito nao haukuonyesha uhusiano wowote na mzio wa mtoto.

Kilichojitokeza ni kitu ambacho wengi hawakukitarajia: krimu. Baadhi ya dawa za kupaka watoto wenye vipele na ngozi kavu zilikuwa zimetengenezwa kwa mafuta ya karanga, na watoto waliopakwa hizo walikuwa na uwezekano wa kupata mzio wa karanga karibu mara 7 zaidi. Watoto waliowahi kuwa na vipele vinavyotoa majimaji na kuganda magamba nao walikuwa hatarini kuliko wenzao, kwa zaidi ya mara 5.

Ngozi

Mtazame mtoto wa miezi minne mwenye pumu ya ngozi kali. Mashavu mekundu yamepasuka, nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya viwiko kuna mikwaruzo, na ukimvua nguo anaanza kujikuna kabla hujamaliza vifungo. Ngozi ya aina hiyo inapitisha vitu. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba watu wengi wenye pumu ya ngozi wana kasoro kwenye jeni ya filagrini, protini inayosaidia kuifanya ngozi iwe imara na iwe na unyevu. Karibu mtu 1 katika kila 10 wenye asili ya Ulaya ana kasoro hiyo. Baadaye kasoro hiyohiyo ikahusishwa na mzio wa karanga.

Karanga zinaifikiaje ngozi ya mtoto ambaye hapakwi krimu yenye mafuta yake? Kwa vumbi. Watafiti wa London walifyonza vumbi majumbani na wakakuta protini ya karanga hata kitandani kwa mtoto, nyingi zaidi katika nyumba ambazo watu wazima wanakula karanga kwa wingi. Kwa watoto wenye kasoro ya filagrini, kadiri vumbi lilivyokuwa na protini nyingi ndivyo uwezekano wa mzio ulivyopanda. Baba anapaka siagi ya karanga kwenye mkate, anafuta mikono suruali, anambeba mtoto. Basi.

Hapo ndipo Lack alipojenga hoja yake kuu. Chakula kina milango miwili ya kumwingilia mtoto, mdomo na ngozi, na mwili hauvichukulii vinavyopita kila mlango kwa namna moja. Utumbo una mfumo mzima wa kinga unaojifunza kuvivumilia vyakula vinavyopita kila mara. Bila huo kila mlo ungekuwa vita. Ngozi iliyopasuka haina kazi hiyo. Kinachoingia kwa kupitia jeraha kinachukuliwa kama kimelea au sumu, na IgE ni mojawapo ya silaha za zamani za kupambana na vimelea.

Ukiisoma 1998 kwa mwanga huo, unaona kasoro ya ushauri. Mtoto wa Kiingereza hakuepushwa na karanga. Aliepushwa kuzila tu. Zilibaki mezani, mikononi mwa dada yake, kwenye godoro, na katika miaka ile hata kwenye tyubu ya krimu. Mdomo ukafungwa, ngozi ikabaki wazi.

Swali la Tel Aviv

Hoja nzuri bado si ushahidi. Lack amesimulia mara nyingi jinsi alivyotoa mhadhara Tel Aviv mbele ya madaktari wa mzio na wa watoto, akawauliza wangapi wamewahi kuona mtoto mwenye mzio wa karanga. London karibu mikono yote ingenyooka. Pale ilinyooka michache tu. Alipodadisi akaambiwa kuhusu Bamba, vitafunwa vya mahindi vyenye siagi ya karanga ambavyo watoto wa Israel wanapewa wakiwa hata meno hawajamaliza kuota. Vinayeyuka mdomoni, kwa hiyo kibogoyo wa miezi saba anaviweza.

Akina Lack na George Du Toit wakaligeuza gumzo hilo kuwa uchunguzi, uliochapishwa 2008. Walichukua watoto wa shule wa Kiyahudi tu, zaidi ya 5,000 Uingereza na zaidi ya 5,000 Israel, ili asili ya kinasaba isiwe kisingizio. Mzio wa karanga ulikuwa asilimia 1.85 Uingereza na asilimia 0.17 Israel, tofauti ya karibu mara 10. Kisha wakauliza kuhusu mlo wa wachanga. Mtoto wa kawaida wa Israel mwenye umri wa miezi 8 hadi 14 alikuwa akila takriban gramu 7 za protini ya karanga kwa mwezi. Wa Uingereza: sifuri.

Ulinganisho wa nchi mbili una matundu yake. Jua, chanjo, maziwa, hewa, chochote kinaweza kutofautiana. Njia pekee ya kulimaliza lilikuwa jaribio la kweli, yaani kuwapa karanga kwa makusudi watoto walewale ambao kila daktari alikuwa akiwakataza. Nadhani watu husahau jinsi uamuzi huo ulivyohitaji ujasiri, upande wa watafiti na zaidi upande wa akina mama waliokubali.

Watoto 640

Jaribio lilijulikana kama LEAP na lilifanyika London. Waliandikishwa watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wenye pumu ya ngozi kali, au mzio wa mayai, au vyote viwili. Kila mmoja alipimwa kwanza: tone la dondoo ya karanga juu ya ngozi, kisindano kinachochoma juujuu tu, kisha dakika kama 15 za kumshika mtoto asijikune. Kama mwili umekwisha kutengeneza IgE, panatokea uvimbe mdogo mweupe uliozungukwa na wekundu, nao hupimwa kwa rula kwa milimita. Watoto 542 hawakuonyesha uvimbe. 98 walikuwa na uvimbe wa milimita 1 hadi 4. Wengine 76 walizidi milimita 4, na hao hawakuingizwa kabisa, kwa kuwa ilionekana wamekwisha kuwa na mzio.

Kisha wakagawanywa kwa kura. Nusu waepuke karanga kabisa hadi miaka 5, nusu wale angalau gramu 6 za protini yake kwa wiki, zikigawanywa katika milo mitatu au zaidi. Hata hawa hawakurudishwa nyumbani hivihivi. Onjo la kwanza walilifanyia kliniki, daktari akiwa pembeni. Zaidi ya asilimia 98 ya watoto walibaki kwenye jaribio hadi mwisho, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuendesha utafiti wa miaka mitano ataliona kuwa muujiza.

Matokeo yalitoka Februari 2015. Kati ya walioepuka, asilimia 17.2 walikuwa na mzio wa karanga walipofika miaka 5. Kati ya waliokula, asilimia 3.2. Pungufu la zaidi ya asilimia 80 katika kundi lilelile lililokuwa likizuiwa.

Lakini namba ninayoiona kuwa na uzito zaidi ni ya wale 98, waliokuwa na kiuvimbe tayari. Miongoni mwao, walioepuka walipata mzio kwa asilimia 35.3, waliokula kwa asilimia 10.6. Maana yake hatua ya kwanza ilikuwa imekwisha kuanza, IgE ipo, na bado kula kuliweza kuugeuza mwendo. Kwa muda fulani, basi, mzio wa utotoni ni kitu kinachoendelea kujengeka na kinachoweza kurudishwa nyuma. Lakini muda huo ni mfupi. Wale 76 walioachwa nje walikuwa na umri wa miezi tu, na tayari milimita zao zilikuwa zimekwisha kupita.

Wenye mashaka waliuliza kama kinga hiyo itadumu mtoto akiacha kula. Mwaka 2016 ikatoka taarifa ya pili: watoto wote waliacha karanga kwa miezi 12, na tofauti ikabaki, asilimia 18.6 dhidi ya 4.8. Mwaka 2024 ikatoka ya tatu, watoto hao wakiwa wamefika umri wa kubalehe na wakila au kutokula wapendavyo: asilimia 15.4 dhidi ya 4.4.

Ushauri wa zamani ulikuwa umekwisha kuondolewa kimyakimya, Marekani 2008 na Uingereza 2009, ila kuondoa katazo si sawa na kusema "mpeni". Mwongozo wa Marekani wa kuanzisha karanga mapema ulikuja 2017 tu. Kwa miaka kadhaa katikati, wazazi walikuwa hawana wa kuwaambia lolote. Hili ndilo ninalolilaumu zaidi katika kisa chote. Mwaka 1998 hapakuwa na jaribio hata moja lililoonyesha kwamba kuepuka kunasaidia, lakini "epuka" lilichukuliwa kama neno lisilo na gharama, hivyo halikudaiwa ushahidi. "Kula" lilidaiwa miaka mitano ya vipimo.

Karanga hazielezi kila kitu

Kama mambo yangekuwa mepesi, nchi iliyobadili ulaji ingeona mzio ukiporomoka. Australia ilibadili mwongozo wake 2016 na familia zikaitikia kwa wingi. Watafiti wa Melbourne waliporudi kupima, mzio wa karanga kwa watoto wa mwaka mmoja ulikuwa asilimia 2.6, kutoka 3.1 ya miaka ya nyuma. Umeshuka kidogo, na kitakwimu tofauti hiyo haikuwa ya uhakika. Jaribio lenye watoto wanaofuatiliwa kila wiki si sawa na jiji zima, na wengi huenda walianza mapema kisha wakaacha. Wala kuilinda ngozi kwa kuipaka mafuta hakujatoa jibu lililotarajiwa: jaribio la Uingereza la watoto 1,394, lililochapishwa 2020, liliwataka wazazi wawapake watoto mafuta ya ngozi kila siku mwaka mzima wa kwanza, na pumu ya ngozi haikupungua.

Afrika inaongeza fumbo jingine. Afrika Kusini, watafiti waliwapima watoto wadogo wa Cape Town na wa vijijini Eastern Cape: mzio wa chakula ulikuwa asilimia 2.5 mjini na asilimia 0.5 kijijini. Ghana kuna watoto wa shule wenye IgE ya karanga kwenye damu ambao wanakula karanga bila kudhurika hata kidogo. IgE hiyo ilihusishwa na kichocho, na kingamwili zao zililenga sehemu za sukari ambazo karanga na vimelea wanashirikiana, wala si zile protini zinazoleta madhara. Daktari akikusomea kipimo cha damu peke yake na kukuandikia orodha ya vyakula vya kumkataza mtoto, kumbuka watoto hao.

Entebbe, Uganda, kati ya 2003 na 2005, wajawazito 2,507 waliingizwa kwenye jaribio la dawa za minyoo. Watoto wa mama waliopewa albendazole walipata pumu ya ngozi zaidi kuliko wa mama waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hakuna anayependekeza mama aachiwe minyoo. Ina madhara yake. Lakini inaonekana mwili wa mtoto unapangiwa mizani yake ya kinga mapema sana, na minyoo, mifugo, vumbi la shamba na vyakula vyote vinachangia katika kupanga huko. Watoto wetu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanapoteza baadhi ya vitu hivyo bila kuondokana na pumu ya ngozi.

Bakuli la uji

Karanga zenyewe hatujawahi kuwaficha watoto. Unga wa lishe unaosagwa mashineni kwetu una karanga, pamoja na nafaka nyingi kuliko wataalamu wa lishe wanavyopenda, na mtoto anauanza akitimiza miezi 6, maziwa ya mama yakiendelea. Bila jaribio wala mwongozo, bibi zetu walikuwa upande uliokuja kushinda. Kinachonitia wasiwasi ni kuona katazo la 1998 likifika mitaani kwetu limechelewa, kupitia makundi ya akina mama kwenye simu: usimpe karanga, usimpe yai, usimpe samaki mpaka afike mwaka au miwili, "atapata aleji".

Hatari za karanga kwa mtoto wa Afrika Mashariki ziko kwingine. Ya kwanza ni sumukuvu. Karanga zilizovundikwa zikiwa na unyevu, zenye ukungu au zilizosinyaa, zisiingie kwenye unga wa mtoto, na kukaanga hakuiondoi sumu hiyo yote. Ya pili ni kukabwa: punje nzima asipewe mtoto aliye chini ya miaka 5. Isagwe laini, ichanganywe kwenye uji. Siagi ya karanga nayo izimuliwe kwa maji ya moto au maziwa, kwa sababu ikiwa nzito inaganda kooni.

Mtoto mwenye pumu ya ngozi kali, au aliyewahi kuvimba baada ya kula yai, aonwe na daktari kabla ya kijiko cha kwanza cha karanga, na aonwe mapema, miezi 4 hadi 6, wala asisubirishwe hadi mwaka. Na yule ambaye amekwisha kuvimba midomo au kubanwa kifua kwa karanga hahusiki na habari hizi za kuanza mapema. Asijaribiwe nyumbani kwa kidogokidogo "azoee". Kuna tiba ya kumzoesha mtoto wa namna hiyo, ila hutolewa kliniki, kwa vipimo vya miligramu, adrenalini ikiwa tayari kwenye bomba.